Nipige albamu nzima ya Peter Gabriel usiku wa tarehe 16 Februari, au wimbo wa "Biko" peke yake?

Fundi wa Layibi (Gulu)

Salaam wote. Swali langu lina maelezo marefu, mniwie radhi.

Mimi ni fundi mitambo katika redio moja ndogo hapa Gulu. Sisomi habari wala sitangazi mpira. Kazi yangu ni mikisa, nyaya, jenereta, na kupanda mlingoti mvua ikishapita. Mwaka huu meneja amenipa dakika 90 usiku wa tarehe 16 Februari, sikukuu ya Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa wakati wa Idi Amin, nipige muziki nitakao mradi uendane na siku. Sijawahi kupewa kipaza sauti, na nilipoambiwa tu nilijua nitapiga nini: albamu ya tatu ya Peter Gabriel, mwanamuziki wa Uingereza, ile ya 1980, nyimbo zote kumi, kwa mpangilio wake. Ni kama dakika 45. Meneja anasema nipige ule wa mwisho tu, "Biko", kwa sababu huo ndio una ujumbe, na hizo tisa nyingine ni kelele.

Niliipata sokoni. Familia moja ya wageni ilikuwa inahama, ikamwachia mchuuzi vitu vyake, nami nikanunua boksi zima la sidii kwa shilingi 15,000. Kwenye ganda kuna picha ya mwanamume ambaye upande mmoja wa uso wake umeyeyuka kama mshumaa. Nikadhani ni jua la sokoni limeiharibu. Kumbe ndivyo ilivyotengenezwa: ni picha ya Polaroid, rangi yake ikasuguliwa kabla haijakauka. Na albamu haina jina. Gabriel alitoka bendi ya Genesis mwaka 1975, na albamu zake za kwanza peke yake alizipa jina lake tu, basi.

Nilianza kuisikiliza kwa sikio la kazi. Kuna kitu kilikuwa kinakosekana na sikukijua ni nini, mpaka mara ya tatu au ya nne: matoazi. Hakuna hata pigo moja la toazi. Gabriel aliwakataza wapiga dramu wake, Phil Collins na Jerry Marotta, wasiguse chuma. Jaribuni kusikiliza wimbo wowote wa redioni leo muone jinsi ile "chii, chii" ya toazi inavyojaza juu kote, kama majani yanayoficha mti. Yeye aliyafyeka.

Halafu kuna ule mshindo. Studio ilikuwa Townhouse, London. Juu ya dramu palining'inia maikrofoni ya mazungumzo tu, ile ya fundi kumsikia mwanamuziki akiwa chumba cha pili. Ilipitia kompresa kali sana, kitu kinachobana sauti kubwa na kuinua ndogo. Collins akapiga dramu maikrofoni hiyo ikiwa wazi, na fundi Hugh Padgham akasikia chumba kizima kinanguruma. Wakaongeza geti, kifaa kinachokata sauti ghafla inaposhuka chini ya kiwango ulichoweka. Pigo linalipuka kama mlango uliobamizwa, kisha kimya, bila mwangwi wa kufifia polepole. Watu wengi wanaujua mshindo huo kwa wimbo wa Collins mwenyewe wa mwaka uliofuata, lakini ulizaliwa hapa, kwenye wimbo wa kwanza, "Intruder".

Na "Intruder" ndio sababu hasa ya kuwaandikia.

Anayeimba ni mvamizi. Anaingia nyumba ya watu usiku, naye anapenda ile hofu anayoisababisha. Dramu zinagonga, kuna kitu kama waya unaokwaruzwa, kuna mlio wa mbao. Mara ya kwanza nilikuwa na spika za masikioni, peke yangu studio, zamu ya usiku. Sikuufikisha mwisho. Mwaka 2003 mimi na dada yangu tulikuwa miongoni mwa wale watoto waliokuwa wakitembea kila jioni kuja mjini kulala kwenye varanda za maduka, ili waasi wa LRA waliokuwa wakiteka watoto wasitukute nyumbani. Mnaotoka huku mnajua tulikuwa tunasikiliza nini gizani. Sikuwahi kusikia mtu akiuweka mlio huo kwenye muziki, na aliyeuweka ni Mwingereza ambaye hakulala kwenye varanda yoyote. Nilizima, nikatoka nje, nikakaa chini ya mlingoti. Kesho yake nikaurudia.

Tangu hapo siamini kwamba zile tisa ni kelele. "Family Snapshot" ni sauti ya muuaji anayemsubiri kiongozi apite na msafara wake, mpaka mwisho anabaki mtoto aliyekosa kuangaliwa na wazazi. "Not One of Us" ni kabila linalomwambia mgeni kwamba hatakuwa mmoja wao kamwe. "Lead a Normal Life" ni hospitali ya wagonjwa wa akili, karibu haina maneno kabisa, marimba tu na upepo. "Games Without Frontiers", ule Kate Bush anaoitikia kwa Kifaransa, unafanya vita vionekane mchezo wa watoto wenye bendera. Mtu anakupitisha kwenye vichwa vya watu wanaoogopa na watu wanaoogopesha, vyumba tisa, na chumba cha kumi ndimo alimofia Steve Biko, mwanaharakati wa Afrika Kusini aliyepinga ubaguzi wa rangi. Ukiingia chumba cha kumi moja kwa moja kutoka barabarani, unasikia wimbo mzuri wa msiba. Ukipita vyote tisa, unafika umeshajua mtu anayepiga mwenzake anafanana na nini kwa ndani.

Sasa, kwa nini siku ya Luwum. Tazameni tarehe. Tarehe 16 Februari 1977, Kampala: Askofu Mkuu na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wanakamatwa. Kesho yake redio inasema wamekufa kwa ajali ya gari. Tarehe 18 Agosti 1977, Afrika Kusini: Biko, miaka 30, anasimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani nje ya Grahamstown. Anapigwa kichwani chumba namba 619 cha polisi Port Elizabeth, analazwa uchi nyuma ya Land Rover, anasafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Pretoria, anafariki tarehe 12 Septemba. Waziri Jimmy Kruger anaeleza habari za mgomo wa kula. Kwetu walisema gari, kwao wakasema njaa, na kati ya uongo huo na huo haikupita hata miezi minane. Nafanya kazi redioni. Nafikiri mara nyingi kuhusu yule aliyekaa kwenye kipaza sauti Kampala siku ile akasoma "ajali".

Maswali yangu: nimsikilize meneja au nishikilie albamu nzima? Na je, ni haki kuupiga "Intruder" usiku, Gulu, bila kujua nani anasikiliza na yuko peke yake au la?

Ngoma za Juru (Nakivale)

Ndugu fundi, asante kwa kueleza habari ya matoazi. Mimi ni mpiga dramu wa kwaya hapa kambini, asili yangu ni Bukavu. Nimesoma ujumbe wako Ijumaa, Jumapili nikaenda kanisani mapema nikayatoa matoazi yote mawili na hai-hati pia, yale ya kukanyaga kwa mguu, nikayaweka chini ya benchi. Wimbo wa kwanza mkono wa kulia ulikuwa unakwenda wenyewe hewani kutafuta chuma. Wimbo wa tatu ukatulia, ukaanza kutafuta ngozi. Waimbaji wa sauti ya kwanza waliniambia baadaye kwamba siku hiyo walijisikia kwa mara ya kwanza. Nimeendelea hivyo mpaka leo.

Ukifika kwenye "Biko" sikiliza ngoma ile kubwa. Ni surdo ya Brazili, pigo lile lile halibadiliki mwanzo hadi mwisho. Mpigaji wa kawaida angeshindwa kujizuia, angeongeza kitu katikati ili watu wasichoke. Hapa haongezi. Kwetu ngoma ya msiba nayo haipambwi. Kuna na zumari za Uskoti, zimetengenezwa kwa sintesaiza, na sijui nani mwingine angethubutu kuzichanganya na vitu hivyo, lakini zinalia.

Kuhusu swali la albamu nzima nasema ndiyo, piga yote. Watu wetu si wageni wa majaribio. Mwaka 1982, tamasha la kwanza la WOMAD, la muziki wa mataifa mbalimbali, ambalo Gabriel alilianzisha na wenzake, Wapiga Ngoma wa Burundi walikuwa jukwaani. Jirani zangu wa Kirundi hapa Juru wanawajua. Na mwaka 1989, kampuni yake ya Real World ikatoa "Songs for the Poor Man" ya Remmy Ongala, mtoto wa Kindu aliyeimba Kiswahili cha Dar. Kwa hiyo usimwogopeshe meneja na neno "majaribio". Mwambie ni mtu aliyekuwa na masikio.

Mlinzi wa Mto Enyau (Arua)

Mimi nitasema kinyume, na sisemi kwa ubaya.

Fundi, umeandika aya nyingi kuhusu Mwingereza, na Erinayo Oryema umemtaja mara moja tu, kama jina katika orodha. Yule mzee alikuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza polisi ya Uganda. Alikuwa pia mpiga nanga, kile kinanda cha nyuzi cha kwetu. Mwanawe Geoffrey alijifunza nanga kwake, na baba alipouawa, kijana huyo alivushwa mpaka kuingia Kenya akiwa amefichwa ndani ya buti ya gari. Akaenda Ufaransa. Mwaka 1990 akatoa "Exile", Real World hiyo hiyo, mtayarishaji Brian Eno, humo kuna nanga, kuna lukeme ya kupiga kwa vidole gumba, kuna Kiacholi na Kiswahili. Kuna "Land of Anaka". Hiyo nayo ni albamu ya mtu mmoja, ina majaribio, ina dhamiri, na ni ya kwetu. Siku ni ya Luwum, mmoja wa waliokufa naye ni baba wa mwimbaji huyo, halafu dakika 45 unampa Gabriel?

Sina ugomvi na "Biko". Kampuni ya Atlantic ilikataa kuitoa albamu ile Marekani, Mercury ikaichukua. Afrika Kusini wimbo ukapigwa marufuku. Alijitia mahali ambapo angeweza kukaa mbali. Hilo nampa. Lakini wimbo unaisha kwa kusema macho ya dunia sasa yanatazama. Mimi huwa najiuliza: Februari ile macho hayo yalikuwa wapi?

Anza na Oryema, malizia na Oryema. Gabriel akae katikati.

Fundi wa Layibi (Gulu)

Umenishika pabaya, ndugu yangu wa Arua, na umesema kweli. Nilimweka Oryema akilini kama wimbo wa kufungulia tu, "Land of Anaka", kisha niendelee. Kutoka Gulu hadi Anaka si safari. Nimewahi kwenda kule kufunga spika za harusi. Na bado niliandika yote yale bila kusema kwamba mtoto wa mmoja wa waliouawa siku ile aliimba kwenye kampuni ya mtu yule yule aliyeimba "Biko". Ilikuwa mbele ya macho yangu.

Nasubiri kusikia kuhusu "Intruder". Hakuna aliyenijibu hapo.

Mwalimu Mstaafu (Kitgum)

Mwanangu wa Layibi, nakujibu mimi.

Mwaka 1977 nilikuwa msichana wa shule. Taarifa ya ajali niliisikia kwenye redio ya mjomba, nyumbani, na nakumbuka mjomba hakusema neno, alinyoosha mkono akaizima. Hakuna aliyeamini. Kampala walikuwa wamemchimbia Askofu Mkuu kaburi kwenye kanisa kuu la Namirembe, mwili haukuletwa. Askari waliuleta huku kwetu, Mucwini, kijijini kwake, na waliofungua jeneza waliona matundu ya risasi. Habari hiyo ilitembea kwa miguu kutoka nyumba hadi nyumba, haikupita kwenye redio yoyote. Wewe unayefanya kazi redioni unafikiri kuhusu aliyesoma ile taarifa. Mimi nafikiri kuhusu vidole vya mjomba kwenye kile kitufe.

Nikueleze na jambo jingine, kwa sababu tunaandikiana Kiswahili. Wakati ule Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya kizuizi. Ukisikia Kiswahili barabarani umesimamishwa. "Simama", "kitambulisho", "lala chini". Niliichukia lugha hii kwa miaka. Baadaye nikaifundisha kwa miaka 27, na mtu akiniuliza ilikuwaje siwezi kutoa jibu la sentensi moja, lakini sehemu ya jibu ni nyimbo. Nilisikia watu wakiitumia kuomboleza na kupendana, nikaona kumbe si ya wale wenye bunduki. Kwa hiyo Oryema alipoimba Kiswahili huko Paris, yeye ambaye baba yake alichukuliwa na serikali ya wanajeshi waliokizungumza, kwangu lile ni jambo zito kuliko mashine zote za studio. Namuunga mkono mwenzetu wa Arua. Yeye mwenyewe Oryema alikaa karibu miaka 40 ndipo akarudi kuimba nyumbani, mwishoni mwa 2016, na Juni 2018 akafariki Ufaransa.

Sasa "Intruder". Mjukuu wangu alinitafutia kwenye simu, nikausikiliza mchana, mlango wazi, kuku uani. Hata hivyo niliweka chini nilichokuwa nacho mkononi. Nimeelewa kwa nini ulitoka nje. Ni kazi ya fundi mkubwa na ni ya kweli, lakini usiipige usiku. Mtu aliyenunua sidii anaweza kuizima, anajua kilichomo. Msikilizaji wa redio hakuchagua. Kuna wanawake hapa Kitgum ambao redio ndiyo inayowalaza, wanaiacha ikiongea ili nyumba isiwe kimya. Ukimwingizia mama kama huyo hatua za mvamizi sikioni saa tatu ya usiku, hukumfundisha kitu asichokijua.

Nyimbo nyingine piga. "Not One of Us" piga, na ueleze inasema nini, maana tunaihitaji katika nchi hii. Ile ya hospitali piga pia, na usiongee juu yake hata kidogo. Nilipenda ule upepo.

Ngoma za Juru (Nakivale)

Mwalimu, shikamoo. Nilisema piga yote bila kufikiri kuhusu usiku. Nyumba ya jirani yangu hapa ina mtu wa aina hiyo. Narudisha neno langu kwa wimbo ule mmoja.

Fundi wa Layibi (Gulu)

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma ujumbe wako mara tatu, mara moja kwa sauti kumsomea dada yangu, na yeye akasema tu, "Msikilize."

"Intruder" sitaupiga. Nitaueleza ule mshindo kwa dakika moja, nipige mimi mwenyewe ngoma moja studio, kwanza bila geti kisha na geti, watu wasikie tofauti mchana wa akili zao bila mvamizi ndani yake. Nimejaribu jana. Nilitundika maikrofoni darini, nikaibana kwa kompresa ya kompyuta, dramu nikaazima kanisani. Chumba chetu ni kidogo na kuta zina magodoro, hakingurumi kama Townhouse. Nikahamia kwenye korido ya saruji kati ya studio na stoo ya jenereta. Hapo ndipo ilipokuja. Pigo, halafu kimya, kama mtu amefunga kitu kisichofunguka. Mlinzi alikuja mbio kuuliza kuna nini.

Mpangilio nilioufikia ni huu. Naanza na nanga ya Oryema, bila utangulizi wowote. Kisha namsoma baba yake, jina lote na kazi yake, na Luwum, na Oboth Ofumbi. Halafu "Exile" nyimbo nne. Halafu Gabriel: "Family Snapshot", "Games Without Frontiers", "Not One of Us", na "Lead a Normal Life" ambayo sitaisemea. Kisha nasoma tarehe mbili, ya Februari na ya Septemba, na kile walichosema Kampala na kile walichosema Pretoria. Kisha "Biko", wote, na zile sauti za waombolezaji za mwanzo na za mwisho ambazo redio nyingi huzikata. Ndani yake Gabriel anaita roho ishuke, kwa Kixhosa, na neno lao la roho, moya, linagonga sikio la mtu wa Kiswahili karibu kabisa na moyo. Sina la kuongeza hapo. Ndugu wa Arua, macho ya dunia yalikuwa wapi sijui kukujibu, ila swali lako nitalisoma hewani kabla ya Oryema wa mwisho, kama utaniruhusu.

Meneja amekubali. Alichouliza ni kama nitaongea sana.

Mlinzi wa Mto Enyau (Arua)

Lisome. Jina langu usiliseme.

Mwalimu Mstaafu (Kitgum)

Mwanangu, jambo moja la mwisho. Usianze saa moja. Siku hiyo watu wengi wanatoka Mucwini kwenye ibada, wengine kwa miguu, na wakifika wanapika kwanza. Anza saa mbili na nusu. Na masafa yenu huku Kitgum yanakatika-katika upande wa mlima, kwa hiyo panda mlingoti kabla ya siku yenyewe.